Pua ni Shahidi Asiyeaminika: Maswali Yenu Kuhusu Hewa ya Ndani ya Nyumba

Toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu moshi wa jikoni, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Nimezisoma zote. Karibu kila mwandishi, pengine bila kujua, ametumia kipimo kimoja: ananusa. Chumba kikinuka vibaya anaogopa, kikinukia vizuri anatulia, na kisiponuka kabisa anafunga madirisha na kulala. Kipimo hicho ndicho nitakachokibishia katika majibu haya. Barua nimezifupisha, na majina ya walioziandika nimeyaondoa kwa makusudi.

Swali: Ndugu Mshauri, sisi tunapikia mkaa uani. Usiku wa baridi tunasubiri mkaa ukolee, moshi uishe kabisa, ndipo tunaingiza jiko chumbani litupe joto. Mama mkwe wangu anasema ni hatari; mimi namwambia pasipo moshi hapana sumu. Nani kati yetu ana haki? (Mama wa watoto watatu)

Jibu: Mama mkwe wako ana haki, na ningekuomba umwambie hivyo leo kabla ya usiku kuingia. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Hawakusema pasipofuka moshi pana usalama.

Moshi unaouona mkaa unapowashwa ni masizi, mvuke wa maji na mabaki ya lami ya kuni ambayo hayajaungua. Yakimalizika, kinachobaki jikoni ni kaboni karibu tupu, nayo ikiungua haitoi moshi wa kuonekana. Hewa huingilia chini ya jiko, hukutana na makaa mekundu, na oksijeni iliyomo huungana na kaboni kuwa kaboni dayoksaidi, ile tuliyozoea kuiita hewa ya ukaa. Laiti ingetoka hivyo hivyo, tatizo lingekuwa dogo. Lakini hewa hiyo ya ukaa hulazimika kupanda katikati ya makaa mengine yenye joto kali, na kila molekuli yake inapogusa kaboni nyekundu hunyang'anywa atomu moja ya oksijeni, hata molekuli moja iliyopanda ikawa molekuli mbili za kaboni monoksaidi. Wafua vyuma wa tanuri kubwa huutegemea mmenyuko huu huu ili kupata chuma kutoka kwenye mawe yake. Wewe umeukaribisha chumba cha kulala.

Unaweza kuiona kwa macho. Jiko likiwa bado uani, gizani, tazama juu ya makaa yaliyokolea: kuna vindimi vya buluu vinavyocheza, vinazimika hapa na kuzuka pale. Hiyo ni kaboni monoksaidi yenyewe ikiungua baada ya kukutana na oksijeni ya juu. Vindimi hivyo vikitoweka na makaa yakavikwa jivu, usidhani gesi imekwisha. Mara nyingi maana yake ni kwamba joto la juu halitoshi tena kuiwasha, kwa hiyo sasa inatoka mbichi. Saa ile unayoona jiko limetulia na linafaa kuingizwa ndani ndiyo saa ya kuliogopa zaidi.

Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi koo. Ikifika katika damu hung'ang'ania himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 hadi 250, kwa hiyo kiasi kidogo hewani kinatosha kuziba nafasi nyingi za oksijeni mwilini. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, na watu hudhani ni homa au chakula kibaya. Kinachoitofautisha ni kwamba wote waliomo chumbani huugua pamoja, miili yao haipandi joto kama kwenye homa, na hupata nafuu wakitoka nje. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Baadhi yenu mmeandika kwamba gesi hii "hukaa chini" na hivyo kitanda kirefu kinatosha kinga. Sivyo, kwani uzito wake unakaribiana mno na wa hewa ya kawaida na huchanganyika nayo chumba kizima. Dirisha lililoachwa wazi kidole kimoja nalo si dhamana.

Mtu akizidiwa, mtoeni nje kwanza, maelezo baadaye, kisha mpelekeni hospitali hata kama amezinduka. Katika hewa ya kawaida mwili huchukua muda wa saa 4 hadi 6 kuondoa nusu tu ya gesi hiyo kwenye damu. Kwa oksijeni tupu ya hospitali muda huo hushuka hadi kama saa moja na nusu au chini yake.

Swali: Nimehama kutoka mafuta ya taa kwenda gesi ya mtungi, na jiko langu halitoi hata uzi wa moshi. Je, naweza kusema hewa ya jikoni kwangu sasa ni safi? Na gesi yenyewe ikivuja, si nitainusa? (Mpishi wa nyumbani)

Jibu: Umefanya vizuri kuhama, na sitaki jibu langu likurudishe nyuma. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba hewa iliyochafuliwa na nishati za kupikia majumbani ilihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na gesi hutoa chembe chache mno ukiilinganisha na kuni, mkaa au mafuta ya taa. Hata hivyo, kupungua kwa uchafu si kwisha kwake.

Ila kubwa ya moto wa gesi haitoki kwenye mtungi, inatoka kwenye hewa inayouzunguka. Hewa ni nitrojeni kwa takriban asilimia 78, na nitrojeni kwa kawaida ni gesi pole isiyojihusisha na chochote. Joto linapozidi nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, upole huo huisha: atomu za oksijeni zilizovunjika ndani ya ule moto wa buluu hupasua molekuli za nitrojeni na kuzaa nitriki oksaidi. Hatua za mmenyuko huo zilielezwa na mwanafizikia wa Umoja wa Kisovieti, Yakov Zeldovich, katika miaka ya 1940. Nitriki oksaidi ikipoa hewani hugeuka kuwa nitrojeni dayoksaidi, ambayo huwasha njia za hewa na kuwasumbua hasa watoto wenye pumu. WHO katika mwongozo wake wa hewa ya ndani wa mwaka 2010 liliweka kikomo cha maikrogramu 200 kwa kila mita ya ujazo kwa muda wa saa moja, na jiko dogo lililofungwa, lisilo na feni ya kutolea hewa nje, linaweza kukivuka kikomo hicho bila wewe kunusa lolote.

Halafu kuna kikaango. Mafuta ya kupikia yakipita kiwango chake cha kutoa moshi, gliserini iliyomo hupoteza maji na kuwa akrolini, ndiyo hiyo inayokuliza machozi ukichelewa kupunguza moto. Jiko la umeme halikuokoi hapo.

Ama kuhusu kuvuja, harufu unayoitegemea ni ya kuazima. Propani na butani hazina harufu ya kukuamsha usingizini. Wauzaji huchanganya kiasi kidogo sana cha kampaundi ya salfa iitwayo ethili merkaptani ili pua yako ipate la kusema. Ukiinusa, fungua milango, usiguse swichi yoyote ya umeme, na kumbuka kwamba gesi hii, tofauti na ile ya mkaa, ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni.

Swali: Mimi ni fundi seremala. Wateja wangu wanalalamika kwamba makabati mapya ya MDF yanawawasha macho, zaidi siku za joto na unyevu. Huwa nawaambia ni harufu ya upya, itaisha baada ya wiki. Miezi inapita wanarudi. Mbao hizi zina nini, na vanishi inasaidia?

Jibu: Fundi, kosa si la mikono yako. Mbao hizo ni nyuzi au vumbi la mbao lililogandamizwa kwa gundi, na gundi iliyozoeleka zaidi hutengenezwa kwa urea na fomaldehaidi. Fomaldehaidi ni gesi. Huchemka kwenye nyuzi 19 chini ya sifuri, kwa hiyo ikipata upenyo haikai.

Inatoka kwa njia mbili, na ndiyo maana ahadi yako ya wiki moja haitimii. Njia ya kwanza ni ya haraka: kuna fomaldehaidi iliyobaki huru, ambayo haikuungana na urea wakati wa kugandamiza, na hiyo hupungua sana katika majuma na miezi ya mwanzo. Njia ya pili haina haraka. Unyevu wa hewa huingia katika mbao na kuvunja taratibu vile vifungo vya gundi yenyewe, na kila kifungo kinachovunjika huachilia fomaldehaidi mpya. Joto huharakisha kazi hiyo. Mteja wako anayelalamika siku za joto na unyevu anakupa taarifa sahihi ya kemia, na gundi ya aina hiyo inaweza kuendelea kutoa gesi kwa miaka.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliiweka fomaldehaidi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004, na kikomo cha WHO ni miligramu 0.1 kwa kila mita ya ujazo kwa nusu saa. Vanishi inasaidia, lakini mafundi wengi hupaka upande wa mbele ambao mteja anauona. Gesi hupitia zaidi kwenye kingo zilizokatwa, kwenye matundu ya skrubu na mgongoni mwa kabati, palipo wazi. Mimi niliwahi kununua meza ya kuandikia iliyong'aa kama kioo kwa juu. Nilipovuta droo na kuinamia ndani nilitokwa machozi, kwani chini ya droo hapakuwa na tone la rangi. Ziba kingo zote kabla ya kufunga, uliza mbao zenye fomaldehaidi kidogo, na kazi ikikamilika iache ipigwe na hewa kabla haijaingia chumba cha mtoto.

Swali: Ni kweli kwamba nikichanganya dawa ya kusafishia choo na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, choo kinatakata zaidi?

Jibu: Usifanye hivyo kamwe. Dawa nyingi za choo zina asidi, na asidi ikikutana na sodiamu haipokloraiti iliyomo katika dawa ya klorini hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kuwaulia askari huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Kiasi chako kitakuwa kidogo, lakini choo nacho ni chumba kidogo. Ukichanganya klorini na amonia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za vioo na pia hutokana na mkojo uliokaa, utapata kloramini, nazo huunguza mapafu vilevile. Tumia dawa moja, isuuze kwa maji mengi, na nyingine iwe siku nyingine. Hapa walau pua itapiga kelele, ila itapiga ukiwa umekwisha kuvuta.

Swali: Shikamoo Mshauri. Nyumba yangu naipenda inukie. Kila asubuhi napiga deki kwa sabuni yenye harufu ya limau, napuliza marashi ya chumba, na nimenunua kifaa kinachosafisha hewa kwa ozoni. Binti yangu anasema najichafulia hewa. Harufu ya limau ina ubaya gani?

Jibu: Marahaba, na binti yako msikilize. Harufu ya limau kwa sehemu kubwa ni limonini, kampaundi ya atomu 10 za kaboni na 16 za hidrojeni, ndugu wa ile painini inayoipa misonobari harufu yake. Peke yake, kwa kiasi kinachotumika nyumbani, haina makuu. Udhaifu wake ni kwamba molekuli yake ina vifungo viwili vya jozi kati ya atomu za kaboni, na ozoni hupenda kuvishambulia vifungo vya namna hiyo.

Ozoni huingia yenyewe kutoka nje siku za jua kali, hutoka pia katika baadhi ya mashine za kunakili, na kwako wewe inatoka katika kifaa ulichokilipia. Inapoivamia limonini huikata vipande. Baadhi ya vipande hivyo ni fomaldehaidi, ile ile ya kabati la fundi tuliyemjibu hapo juu. Vingine ni vizito, haviwezi kubaki gesi, hivyo hukusanyika na kuwa chembe ndogo zisizoonekana, ndogo mara nyingi kuliko maikromita 2.5 ambazo wapimaji huzihesabu kuwa chembe laini. Katika vurugu hiyo huzaliwa pia radikali za haidroksili, vipande vya molekuli vyenye uchu wa kumenyuka na chochote kilicho karibu, na kemia inaendelea mbele hata baada ya wewe kuondoka na ndoo yako. Hata mwili wako umo katika shughuli hiyo: mafuta ya ngozi yana skwalini, ambayo ozoni huigeuza kuwa asetoni na aldehaidi kadhaa.

Kifaa cha ozoni kizime leo. Ili ozoni iue vijidudu hewani kwa uhakika ingehitaji kiwango kinachoyadhuru mapafu yako kabla ya kuvifikia vijidudu hivyo. Ukitaka kifaa, chagua chenye chujio la HEPA, ambalo hunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3, nalo pia ujue kwamba halizuii gesi, kazi hiyo huhitaji tabaka nene la mkaa maalumu wa kunyonyea. Deki yako iendelee, kwa sabuni isiyo na harufu na madirisha yakiwa wazi. Nyumba safi hainukii chochote, ingawa najua jibu hilo halitakufurahisha.

Swali: Je, mimea ya ndani haiwezi kufanya kazi hiyo ya kuchuja? Nilisoma kwamba NASA ilithibitisha.

Jibu: Jaribio la NASA la mwaka 1989 lilifanyika katika masanduku madogo yaliyozibwa, na nyumba haikuzibwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, walipitia majaribio ya aina hiyo ya miaka mingi na kukokotoa kwamba ili mimea ilingane na mpitisho wa kawaida wa hewa katika jengo ingehitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Ipande kwa uzuri wake.

Swali: Mume wangu huvuta sigara sebuleni usiku tukiwa tumelala, kisha hufungua madirisha hadi asubuhi. Anadai tunapoamka hewa imeshabadilika na watoto hawapati kitu. Mimi nasikia harufu kwenye mapazia. Harufu hiyo ni kitu au ni hisia zangu?

Jibu: Ni kitu, dada yangu, na mapazia ndiyo nusu ya kisa. Sehemu kubwa ya uchafu wa moshi haibaki hewani kusubiri dirisha. Hutua ukutani, kwenye zulia, kwenye kochi na kwenye nywele, na kutoka hapo hurudi hewani kidogo kidogo. Nikotini yenyewe hushikamana vizuri sana na nyuso za vitu. Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley nchini Marekani walionyesha kwamba nikotini iliyotua hivyo, ikikutana na asidi ya naitrasi iliyomo hewani, huunda nitrosamini za tumbaku, kundi lenye baadhi ya visababishi vikali vya saratani. Moja ya walizozikuta haimo hata katika moshi mbichi wa sigara. Na asidi hiyo ya naitrasi hutoka wapi? Hutoka katika sigara yenyewe, katika jiko la gesi, na pale nitrojeni dayoksaidi inapogusa nyuso zenye unyevu.

Kuhusu madirisha, kuna jaribio la Juni 2018 ambalo mumeo angefaa alisikie. Wanasayansi wakiongozwa na Delphine Farmer na Marina Vance waliigeuza nyumba ya majaribio ya Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, kuwa maabara, wakapika na kupiga deki humo kama watu wa kawaida huku vyombo vikipima. Madirisha yalipofunguliwa, viwango vya gesi nyingi vilishuka. Yalipofungwa, vilipanda tena muda si mrefu na kurudi karibu na vilipokuwa, kwa sababu akiba ilikuwa imehifadhiwa katika kuta na vyombo. Jaribio jingine lililofanyika Maryland mwaka 2022, safari hii kwa moshi wa kuni, lilionyesha kwamba kufuta, kupiga deki na kuondoa vumbi kulipunguza akiba hiyo kwa namna ambayo kupisha hewa na vifaa vya kuchuja havikuweza kwa muda mrefu. Fua mapazia, pangusa kuta, na sigara itoke nje ya nyumba kabisa. Kuosha bila kuiondoa sigara ni kuteka maji kwa pakacha.

Swali: Dawa ya mbu ya duara, ile inayochomwa taratibu usiku kucha, inahesabika kuwa moshi?

Jibu: Inahesabika, na sana. Dawa yenyewe ya kuua mbu ni sehemu ndogo mno ya lile duara. Kilichobaki ni unga wa mbao au wa vitu vya mimea na gundi, vinavyofukuta bila kuwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba duara moja linaweza kutoa chembe laini sawa na zile za sigara 75 hadi 137, kutegemea aina yake. Chandarua hakifuki.

Swali: Mimi ni mwalimu wa kemia. Wanafunzi waliniuliza kama kuna uchafu wa hewa ya ndani usiotokana na kitendo chochote cha binadamu. Nilitaja vumbi, lakini sikuridhika na jibu langu.

Jibu: Mwalimu, wape radoni. Uraniamu iliyomo katika miamba na udongo huoza hatua kwa hatua kwa mabilioni ya miaka, na katika ngazi moja ya safari hiyo, baada ya rediamu, huzaliwa radoni, ambayo ni gesi adimu. Watangulizi wake ni yabisi na hubaki mwambani. Yeye, kwa kuwa ni gesi isiyoungana na chochote, hupenya ardhini na kuingia nyumbani kupitia nyufa za sakafu. Nusu ya radoni huoza kila baada ya siku 3.8. Wanafunzi wako watauliza gesi isiyomenyuka inadhuru vipi, na swali hilo ni zuri: wanaodhuru zaidi ni watoto wake, yaani elementi zinazozaliwa radoni ikioza, hasa poloniamu, ambao ni yabisi tena, hudandia chembe za vumbi na moshi, hutua ndani ya mapafu na kurusha mionzi ya chembe za alfa humo humo. WHO lilipendekeza mwaka 2009 kikomo cha bekereli (kipimo cha mionzi) 100 kwa kila mita ya ujazo, na pasipowezekana kisizidi 300. Miongoni mwa visababishi vya saratani ya mapafu radoni hufuata tumbaku, na kwa mvutaji hatari hizo mbili huongezana vibaya. Haina harufu, haina rangi, haina ladha. Bila kipimo hutajua kwamba ipo.

Swali: Mimi ni mwanafunzi. Tunalala wengi bwenini na madirisha tunayafunga. Usiku sisikii harufu yoyote, lakini nikitoka kunawa uso na kurudi, chumba kinanuka vibaya sana. Kwa nini harufu inakuja nikitoka?

Jibu: Haikuja ulipotoka, mwanangu. Ilikuwapo usiku kucha, ila pua ikikaa na harufu moja kwa dakika chache huacha kuitangaza, kwa sababu kazi yake ni kukuarifu mabadiliko.

Unachokinusa ni mvuke wa jasho na pumzi za wenzako. Hewa unayoitoa ina kaboni dayoksaidi kiasi cha asilimia 4, wakati hewa ya nje ina takriban sehemu 420 tu kwa kila milioni. Mwaka 1858 huko Munich, Max von Pettenkofer alipendekeza kwamba chumba chenye zaidi ya sehemu 1,000 kwa milioni kihesabiwe kuwa hakina hewa ya kutosha. Alisisitiza kwamba hewa hiyo ya ukaa siyo sumu yenyewe kwa kiwango hicho. Aliitumia kama kidokezo cha vyote vingine vilivyotoka miilini na kukosa njia ya kutokea, na hadi leo vipimo vya mabwenini na madarasani hutumia hesabu yake.

Kesho alfajiri toka nje na wenzako kwa dakika 10, kisha mrudi pamoja na mnuse mlangoni kabla ya kuingia. Fanyeni hivyo siku moja madirisha yakiwa yamefungwa na siku ya pili madirisha mawili yanayoelekeana yakiwa wazi, muandike mlichokisikia kila mara, mniletee barua.